Semina kuhusu nchi za nje bila watu kusinzia ukumbini: namna ya kuiandaa ukiwa Moshi, mfano ni Japani

Semina nyingi kuhusu nchi za nje unajua mwisho wake kabla hujakaa. Anakuja mtu aliyesoma huko, anaweka picha za theluji na treni, anasema kwao kila kitu kina mpangilio, anamalizia na "sisi sijui tunakwama wapi", makofi, soda, nauli, kila mtu nyumbani. Nimekaa kwenye semina za hivyo Moshi na Arusha na ukiniuliza leo shule za hizo nchi zinalipiwa na nani sina jibu, treni ndo nazikumbuka. Haya nayoandika ni kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu, nesi, kikundi cha parokia au usharika, yeyote mwenye ukumbi na projekta ya kuazima anayetaka siku moja ambayo watu wakitoka wanaendelea kubishana mpaka stendi.

Nitatumia Japani mwanzo mpaka mwisho. Sio nchi ngeni huku kwetu, mashamba ya mpunga ya Lower Moshi kule Mabogini na Chekereni ni mradi uliojengwa kwa msaada wa Wajapani ukakamilika 1987, na kwao kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imechumwa Mbozi. Ila njia ni ile ile hata ukichagua Kuba, Ufini au Rwanda.

Swali litoke hapa, nchi itafuata

Ukianza na nchi utaishia kusoma Wikipedia kwa sauti mbele za watu. Anza na kitu kinachowauma watu wa hapa. Kwa Kilimanjaro mimi ningeanza na wazee, maana mkoa wetu ni mmoja wa mikoa yenye wazee wengi na mtu yeyote anaona kwa macho, panda Kibosho au Marangu siku ya kawaida ya mwezi wa tano utakuta bibi yuko kwenye kihamba (shamba la ukoo) na mjukuu mmoja au dada wa kazi, watoto wako Dar, Mwanza, wengine Nairobi, wanapanda mlimani Desemba na magari yamejaa. Kwahiyo swali: bibi anatunzwa na nani, na hela inatoka wapi?

Ukishakuwa na swali hilo unatafuta nchi iliyokutana nalo kabla yako, na Japani inajileta yenyewe. Mwaka 2024 watu wa miaka 65 kwenda juu walikuwa asilimia 29 ya Wajapani wote. Waliofikisha miaka 100 walizidi 95,000, wakati 1963 nchi nzima walikuwa 153. Hapo sasa unamsikiliza Mjapani kama mtu aliyepita barabara unayoiendea, sio kama malaika.

Kuna mtu atakuuliza, sasa semina si ya afya, elimu na jamii, wazee na shule wapi na wapi? Mjibu kwamba mwaka huo huo 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa hawakufika 700,000, kila mwaka mamia ya shule yanafungwa au kuunganishwa kwa kukosa watoto, na binti anayeacha kazi mjini kwenda kumlea mama yake ndo huyo huyo ambaye serikali inamwomba azae wa pili. Ni jambo moja. Kwahiyo usigawe mada tatu kwa watoa mada watatu kila mmoja na dakika zake arobaini na tano, ukifanya hivyo wa afya atasema ya afya, wa elimu atasema ya elimu, na hakuna atakayegusa pale vinapokutana ambapo ndo penye utamu.

Mfuate mtu mmoja

Njia iliyo bora kwangu ni hii: tunga mtu mmoja au wawili wa kawaida wa nchi hiyo, wafuate kutoka dirisha moja la huduma hadi jingine, na kila dirisha uliza maswali mawili tu, nani anafanya kazi hapa na nani analipa. Kwa Japani chukua mama mjamzito mmoja wa mjini na bibi mmoja wa Akita. Akita ni mkoa wa kaskazini, wa mpunga, vijana wamehamia Tokyo, na ndo mkoa wenye wazee wengi kuliko yote kule, karibu 4 kati ya kila watu 10. Unaona inavyofanana na huku?

Mama akijua ana mimba anaenda kujiandikisha ofisi ya halmashauri ya mji wake, na pale anapewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mwaka 1942 kulikuwa na cha wajawazito peke yao, hiki cha mama na mtoto pamoja kilianza 1948, vita imeisha juzi tu na watu wana njaa. Ndani kuna vipimo vya mimba, uzito, chanjo, alafu kuna kurasa ambazo mama anaandika mwenyewe, mtoto amecheka lini, jino la kwanza limeota lini. Kinakaa kwa mama sio hospitali. Hapa usiongee sana, waambie akina mama waje na kadi zao za kliniki, ziwekwe mezani, watu wapitishiane, alafu uliza mtoto akifika darasa la pili hiyo kadi iko wapi na nani bado anaisoma. Mjadala utajiendesha wenyewe.

Kisha kujifungua, na hapa watu hushtuka: kwenye bima ya Japani uzazi wa kawaida haumo, kwa hoja kwamba mimba sio ugonjwa. Hospitali inatoza, na bima inampa mama mkupuo, yen 500,000 tangu Aprili 2023, kabla ya hapo ilikuwa 420,000. Akifanyiwa upasuaji ndo inahesabika matibabu na bima inaingia. Wenyewe wamekuwa wakibishana kuubadilisha utaratibu huu. Mtu aliyekuja na imani kwamba Ulaya na Asia tajiri kila kitu bure atakaa vizuri kwenye kiti baada ya hapo.

Mtoto akianza shule, mwaka wao unaanza Aprili, miaka 6 ya msingi na 3 ya sekondari ya chini ndo ya lazima. Wengi watataka kuonyesha ile video ya watoto wanadeki darasa inayozunguka WhatsApp kama muujiza. Jamani. Sisi tumekwenda shule na ndoo, fagio la chelewa na fyekeo, hakuna la kutushangaza pale. Cha kuangalia ni chakula cha mchana. Kinaanzia 1889 mji wa Tsuruoka, shule ya hekaluni iliyokuwa inawapa watoto maskini matonge ya wali, samaki wa kuchoma na kachumbari ya kuchachusha, na mwaka 1954 ikawa sheria ya nchi. Watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanabeba masufuria kutoka jikoni, wanapakuliana, mwalimu anakula nao mle mle darasani. Nani analipa? Kwa mujibu wa sheria halmashauri inalipa jiko, vyombo na wapishi, mzazi analipia vyakula vyenyewe, shule ya msingi mwaka 2021 ilikuwa kama yen 4,500 kwa mwezi, na siku hizi halmashauri nyingi zimeamua kumwondolea mzazi hata hiyo.

Sasa rudi hapa. Elimu bila malipo tangu 2016 imeondoa ada lakini chakula kimebaki makubaliano ya wazazi, debe la mahindi, kilo za maharage, hela ya mpishi, na kuni. Swali la kuweka kwenye ubao sio "kwanini sisi hatuna kama wao" bali hili: kama halmashauri ingebeba mpishi na kuni tu, mzazi abaki na mahindi na maharage, watoto wangapi zaidi wangekula hapa kwenye kata yetu? Mwalimu mkuu akiwepo ukumbini anaweza kujibu hilo kwa majina ya watoto. (Asiyataje lakini.)

Bibi wa Akita

Huyu mpe muda mwingi kuliko wengine wote, maana ndo swali lako.

Bibi ana miaka 82, mume alishafariki, anateleza bafuni, haumii sana lakini tangu siku hiyo anaogopa kuoga. Binti yuko Tokyo. Anapiga simu ofisi ya mji wa mama yake kuomba apimwe kwa ajili ya bima ya utunzaji, bima iliyoanza Aprili 2000 na ambayo kila mtu anaikatwa kuanzia umri wa miaka 40, nusu ya mfuko ni michango hiyo na nusu ni kodi. Anakuja mpimaji nyumbani na fomu ya vipengele 74. Hii fomu ndo ya kuonyesha kwenye skrini, au kama umeme umekata isome tu: anaweza kugeuka kitandani, anaweza kusimama kwa mguu mmoja, anakata kucha mwenyewe, anaweza kutaja jina lake, anajua sasa ni msimu gani, anashika hela zake mwenyewe, anaenda dukani. Majibu yanaingia kwenye kompyuta, daktari wake anaandika maoni, kamati ya wataalamu inakaa na kumpanga kwenye moja ya ngazi 7, au inasema bado hahitaji. Kwa kawaida jibu linatakiwa ndani ya siku 30.

Akipangwa anapata mpangaji wa huduma, mtu ambaye kazi yake ni kukaa na bibi na binti kwa simu na kupanga wiki: Jumatatu na Alhamisi basi dogo linamchukua kwenda kituo cha mchana, anaogeshwa, anakula, anakaa na wenzake, jioni linamrudisha, Jumamosi anakuja mhudumu nyumbani saa moja. Kumlipa mpangaji bibi hatoi kitu. Huduma anazotumia analipa asilimia 10, mwenye kipato kikubwa 20 au 30, na kila ngazi ina kikomo cha mwezi, ukizidisha ziada yote ni yako.

Wape washiriki ile fomu, vipengele kama kumi tu ulivyotafsiri, kila mmoja amjazie mzee mmoja anayemjua. Ukumbi unanyamaza hapo. Kuna mtu atagundua hajui kama mama yake anakata kucha mwenyewe, na kuna atakayeuliza kuhusu mzee anayegeuka kitandani vizuri tu ila maji yako bondeni, na fomu ya Akita haina bonde. Hilo swali la bonde ni dhahabu, liandike.

Waliposhindwa na walikotoka

Mtoa mada yeyote wa nje au aliyesoma nje, mwombe kabisa kwa maandishi alete jambo moja ambalo nchi hiyo ilijaribu ikaliacha. Asipokuwa nalo mtafutie. Kwa Japani ni hili: 1973 walifanya matibabu ya wazee wa miaka 70 kwenda juu kuwa bure kabisa. Hospitali zikajaa wazee ambao hawakuwa wagonjwa kihivyo, ila nyumbani hakuna wa kuwatunza, wengine wanalazwa miezi na miezi, na waliobaki wanakutana kwenye mabenchi ya kusubiria kupiga stori. Mwaka 1983 wakarudisha malipo madogo. Ile bima ya 2000 imezaliwa humo, walitaka kumtoa hospitalini mtu ambaye shida yake ni kuogeshwa na kupikiwa. Kwetu sera ya wazee ya 2003 inasema wazee wasiojiweza watibiwe bure, kwahiyo hadithi ya 1973 sio ya mbali hata kidogo, muulize nesi yeyote wa wodini.

Na waliko anzia. Watu wanapenda kusema Japani wana bima ya afya kwa wote kama vile waliamka nayo. Sheria ya kwanza ni ya 1922 na iliwahusu wafanyakazi, ikaanza kutumika 1927. Ya wakulima na watu wa vijijini ikaja 1938 na sio vijiji vyote viliingia. Mpaka 1961 ndo kila mtu akawa ndani. Kabla ya sheria yoyote kule Munakata, mkoa wa Fukuoka, wanavijiji walikuwa wanachanga mchele ili daktari asiwakimbie, na mifano kama hiyo ndo iliyoangaliwa wakati wa kutunga ile ya 1938. Mweleze hilo mkulima wa Chekereni uone anavyokaa sawa. Alafu weka pembeni CHF yetu, ule mfuko wa afya ya jamii, iliyoanza kujaribiwa Igunga 1996 na sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa 2023, usihukumu, weka tu tarehe kwenye mstari mmoja ubaoni watu wahesabu wenyewe.

Lingine la kutaja kwa kifupi ila usiliache: kwa Japani mgonjwa analipa dirishani. Chini ya miaka 70 ni asilimia 30 ya bili (watoto wadogo chini ya hapo), wengi wa 75 kwenda juu ni 10, na kuna kikomo cha mwezi kulingana na kipato ili mtu asiuze shamba. Hospitali nyingi ni za binafsi lakini bei ya kila kipimo inapangwa na serikali kwa nchi nzima na inapitiwa kila miaka miwili, kwahiyo kidonda kile kile bei ile ile. Hapa tegemea kelele ukumbini, ziache zilie kidogo.

Namba

Namba chache na zenye maana. Usibadilishe yen kuwa shilingi ukaacha hivyo. Ukisema mkupuo wa uzazi ni kama milioni 8 za Kitanzania watu wataguna na hakuna watakachoelewa zaidi ya kwamba Wajapani wana hela, ambalo walikuwa wanalijua. Badilisha kuwa saa za kazi. Kima cha chini cha mshahara Tokyo kuanzia Oktoba 2024 kilikuwa yen 1,163 kwa saa, kwahiyo ule mkupuo ni kama saa 430 za mtu wa chini kabisa, na chakula cha shule cha mwezi ni pungufu kidogo ya saa 4. Sasa waulize washiriki kibarua wa kupalilia huku kwetu analipwa shilingi ngapi kwa siku, watakwambia wenyewe na watabishana Rau ni bei hii na Uru ni ile, mkikubaliana mnapiga hesabu ya mchango wa chakula wa shule yenu kwa saa zile zile. Hiyo ndo ulinganifu.

Kwa takwimu za kitaifa tumia asilimia ya pato la taifa, Japani afya inakula kama asilimia 11, sisi hatufiki nusu ya hapo. Zipate kwenye tovuti za Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, ziko wazi, na kila namba iandikie mwaka. Namba isiyo na mwaka itupe hata kama ni nzuri.

Watoa mada

Mkoa huu una watu kuliko unavyofikiri. Kuna waliosoma Japani kwa ufadhili wa serikali ya kule, kuna waliokwenda mafunzo ya JICA (shirika la misaada la Japani), kuna maafisa kilimo wa zamani wa ule mradi wa mpunga, na hospitalini kuna manesi walioifanya ile 5S na Kaizen, njia ya Kijapani ya kupanga sehemu ya kazi na kuiboresha kidogo kidogo, ambayo kwa Tanzania ilianzia hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007. Anzia vyuo, KCMC, MoCU, Mwenge, na ukiwa Arusha Makumira au Nelson Mandela.

Ila jua cha kumuuliza. Mtu aliyeishi kule kama mwanafunzi anajua maisha ya mwanafunzi, usimlazimishe aeleze sera ya wazee, atabuni. Muulize siku uliyougua ilikuwaje. Mgeni anayekaa Japani zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kuingia kwenye bima ya afya, kwahiyo huyo kijana wetu alikuwa analipa mchango na alisimama dirishani akatoa asilimia 30 yake. Hiyo stori ya dakika kumi, alivyojaza fomu haelewi lugha, bili ilikuja ngapi, inazidi slaidi thelathini. Ukitaka wa kutoka Japani kwa Zoom, wao wako mbele yetu saa 6, saa 3 asubuhi yetu ni saa 9 alasiri kwao, kwahiyo mtangulize kabla ya chai. Ukimweka baada ya msosi wa mchana unaongea na mtu ambaye kwake ni usiku na anataka kula na watoto wake.

Na lazima awepo mtu wa hapa mwenye kazi ya kubisha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepanda milima kutembelea kaya, mwalimu, na bibi mwenyewe. Sio bibi wa kukaa mbele na kupewa kitenge. Mpe maiki mapema, wamsalimie shikamoo, muulize fomu ya vipengele 74 imesahau nini.

Mgeni akija mwenyewe kutoka nje ulizia uhamiaji mapema kibali gani anahitaji, usisubiri afike KIA. Na kama kuna anayetaka kukusanya takwimu kutoka kwa washiriki, hiyo sio semina tena ni utafiti, mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na mambo ya afya yana kibali cha maadili juu yake.

Siku yenyewe

Ukumbi uwe wa chini, usio na ngazi, maana umealika wazee. Slaidi na video ziwe kwenye flashi sio mtandaoni, na chapisha zile kurasa muhimu, umeme wa TANESCO haujui ratiba yako. Itifaki dakika tano, mgeni rasmi kama lazima awepo afunge sio afungue, akichelewa kufungua asubuhi yote imekwenda. Kwenye barua ya mwaliko andika waziwazi kwamba posho hakuna, kuna chai, maandazi, mtori mchana na nauli ya wanaoshuka kutoka mlimani, ili asije mtu akakununia saa kumi.

Asubuhi ni zile safari za mama na bibi. Baada ya chakula usiweke mada yoyote, weka igizo la mabishano. Mwaka 1995 Ujerumani ilipoanza bima yake ya utunzaji iliruhusu familia ichague, aje mhudumu au ndugu apewe hela atunze mwenyewe. Japani walipokuwa wanaandaa yao vikundi vya wanawake vikapinga hela taslimu. Hoja yao ilikuwa kwamba hela ikiingia nyumbani atakayeendelea kumwogesha mzee ni yule yule mkwe, mke wa mtoto wa kwanza wa kiume, safari hii bila pa kulalamikia kwa sababu si unalipwa. Wakashinda, Japani ndugu halipwi kwa kumtunza wake. Gawa kadi kwa makundi, bibi, mtoto aliyeko Dar, mkwe aliyebaki na nyumba ya wazazi (kwetu mara nyingi mke wa kitinda mimba), mtendaji wa kata, na dada wa kazi. Kadi ya dada wa kazi usiiruke, hata Japani wamefungua viza mpya tangu Aprili 2019 kuleta wahudumu kutoka nchi kama Vietnam, kwahiyo kule nako kuna binti wa mbali anayemlisha mzee wa mwingine huku wa kwake ameachwa kwao. Swali ni moja: kama kata ingepata mfuko, apewe hela mkwe au aletwe mhudumu? Wape nusu saa, wapige kura, alafu wabadilishane kadi wapige tena. Kura ya pili huwa haifanani na ya kwanza, hasa wanaume wakishikishwa kadi ya mkwe.

Mwandishi wa semina asiandike "ilijadiliwa kwa kina". Aandike maswali yaliyokosa jibu, lile la bonde likiwemo, kurasa mbili za Kiswahili, ziende kwenye grupu ndani ya wiki na nakala kwa mtendaji na kwa watoa mada, yule wa Japani atafsiriwe naye ajibu.

Tarehe sasa. Ukifanya mwezi wa tano utapata wanafunzi na watumishi, na barabara za juu zina matope. Ukitaka wanaolipa, yaani watoto wa hao mabibi, fanya tarehe 27 au 28 Desemba wakiwa wote mlimani, asubuhi kabla ya nyama na mbege, siku moja tu isiyozidi saa saba mchana. Ukumbi wa parokia ushike kuanzia Septemba na uweke hela kidogo ya kuushikilia, maana wiki hiyo harusi na kipaimara zinapishana mlangoni na MC wa harusi hatakuonea huruma.